Mfugaji wa Queensland, Mbung'o na Wapagazi wa Ziwa Tanganyika

Mazungumzo ya leo yanahusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ile ya mwaka 1914 hadi 1918, ambayo ilifika hadi mlangoni petu hapa Kigoma. Lakini yanaanzia mbali sana na ziwa letu. Yanaanzia Queensland, Australia, kwa mfugaji wa ng'ombe aliyeitwa Arnold Wienholt.

Wienholt alizaliwa mwaka 1877 katika familia yenye mashamba makubwa ya mifugo. Alisomeshwa Uingereza, katika shule ya Eton, kisha akarudi kwao kusimamia ng'ombe. Katika nchi ile shamba moja la mifugo laweza kuwa kubwa kuliko tarafa nzima ya huku kwetu, na mchungaji asiyeweza kushinda juu ya farasi kutwa nzima hana kazi. Basi Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini mwaka 1899, Waingereza walikuwa na haja kubwa ya vijana wa aina hiyo. Walikwisha kujua farasi, walikwisha kujua bunduki, walikwisha kuzoea kulala porini. Kilichobaki ni kuwapa sare na amri. Australia ilipeleka watu wapatao 16,000 katika vita hivyo, na Wienholt alikwenda pamoja na kikosi cha wapanda farasi wa Queensland.

Vita vilipokwisha alirudi kwa ng'ombe wake, akaingia siasa, akachaguliwa kuwa mbunge wa Queensland mwaka 1909. Hakutulia. Aliuacha ubunge akaja Afrika kuwinda simba, na simba mmoja akamjeruhi vibaya nusura amuue. Mtu mwingine angerudi nyumbani kuuguza majeraha. Yeye, vita vya dunia vilipoanza, alijitosa tena, na mwaka 1916 alikuwa ndani ya nchi hii yetu, wakati huo ikitawaliwa na Wajerumani.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya upelelezi. Alipenya hadi nyuma ya majeshi ya Wajerumani akiwa na wenzake wachache, wengi wao Waafrika waliojua njia, maji na lugha za watu. Walichunguza ghala za chakula, wakatazama askari wanaelekea wapi, wakarudi na habari. Mwaka huohuo wa 1916 alikamatwa, akatoroka, akapita porini hadi akawafikia wenzake. Serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani ya DSO, na nishani ya MC mara mbili.

Sasa, msikilizaji, tazama jambo moja. Huyu alikuwa mpanda farasi tangu ujana wake, na katika vita vyake vya kwanza sifa yake ilikuwa farasi. Alipofika kwetu, kazi kubwa aliifanya kwa miguu. Kisa chake ni mbung'o.

Wengine humwita ndorobo. Wafugaji wa Kasulu, Kibondo na Uvinza hawahitaji kuelezwa habari zake. Mdudu huyu akimnyonya mnyama mwenye vimelea kisha akamwuma mwingine, humwachia ugonjwa wa nagana, na mnyama hudhoofika, macho hutoa machozi, manyoya husimama, mwisho huanguka. Kwa binadamu huleta malale. Wajerumani wenyewe walihangaika na malale kando ya Ziwa Tanganyika miaka kadhaa kabla ya vita, wakafungua kambi za matibabu na kufyeka vichaka vya ufukweni ili kumfukuza mbung'o. Ng'ombe wa asili wa sehemu nyingine wana uvumilivu kidogo. Farasi hana kabisa.

Makamanda wa Waingereza hawakulizingatia jambo hilo ipasavyo. Mwezi Agosti 1914, walowezi wa Kenya walitoka mashambani mwao wakakusanyika Nairobi, wengi wakiwa na farasi zao wenyewe na bunduki za kuwindia, wakaunda kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Mashariki. Wakulima hawa walipigana Longido tarehe 3 Novemba 1914, mpakani, chini ya mlima ule. Baadaye, mwaka 1916, alikuja Jenerali Jan Smuts kutoka Afrika Kusini, naye akaleta maelfu ya wapanda farasi, wengi wao watoto wa wakulima wa Kikaburu. Mwezi Aprili mwaka huo Jenerali van Deventer aliwaongoza kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi katikati ya masika. Kondoa waliitwaa, lakini farasi walikufa kwa mamia njiani, kwa maradhi, kwa njaa na kwa matope.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Katika miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba 1916, jeshi la Waingereza katika nchi hii lilipoteza farasi wapatao 10,000, nyumbu wa mizigo 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Kwa hesabu hiyo, wanyama zaidi ya mia tano walikuwa wanakufa kila siku.

Linganisha na kwingineko. Huko Palestina, tarehe 31 Oktoba 1917, wapanda farasi wapatao 800 wa Australia waliuvamia mji wa Beersheba kwa mbio za farasi, jua likielekea kutua, wakavuka mahandaki ya Waturuki na kuuteka. Australia huikumbuka siku ile hadi leo. Vijana wale walikuwa wachungaji na wakulima kama Wienholt. Tofauti ni kwamba wao walipelekwa mahali ambapo farasi anaweza kuishi. Hata hivyo, kati ya farasi zaidi ya 120,000 waliotolewa Australia wakati wa vita, ni mmoja tu aliyerudishwa nyumbani.

Huku kwetu, farasi alipokufa, mzigo haukufa naye. Risasi zilitakiwa ziende mbele. Unga na mchele ulitakiwa uende mbele. Mapipa ya maji, mahema, machela, vyuma vya mizinga, vyote vilitakiwa viende mbele. Palipokosekana reli na gari, na mnyama akiwa amekufa, palibaki bega la mtu.

Watu wa ukanda huu wa ziwa walikuwa na historia ndefu ya kubeba. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Ujiji kwa miaka mingi kabla ya Mjerumani kufika. Chumvi ya Uvinza ilisambaa bara kwa mabega ya watu. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema, hata kabla hawajaiacha pwani kwa mbali, na punda wakapukutika njiani. Stanley alifika Ujiji kwa sababu ya wapagazi. Wanyamwezi, Wamanyema, Waswahili wa mrima na Waha walijua kazi hiyo, walijua na thamani yake. Katika misafara ya biashara mpagazi alikubaliana ujira, na akidhulumiwa aliweza kutua mzigo na kuondoka. Vitani hapakuwa na mapatano.

Tuje sasa Kigoma yenyewe. Reli ya Kati, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, ilifika hapa mwezi Februari 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Kwa reli hiyo zilisafirishwa sehemu za meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kupakiwa katika masanduku 5,000. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakiwa na mafundi na vibarua wa Kiafrika na Kihindi, waliiunga hapa Kigoma, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Iliitwa Graf von Götzen. Sisi tunaijua kwa jina la Liemba.

Kwa muda Wajerumani walikuwa mabwana wa ziwa. Götzen iliweza kupakia mamia ya askari kwa safari moja na kuwateremsha popote ufukweni. Juu yake uliwekwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Wabelgiji, waliokuwa Kongo, hawakuwa na chombo cha kuishinda.

Hapo ndipo Australia inapofika hadi kwenye maji yetu. Afisa wa wanamaji wa Uingereza aliyepewa kazi ya kuwanyang'anya Wajerumani ziwa hili, Geoffrey Spicer-Simson, alizaliwa Hobart, Tasmania, tarehe 15 Januari 1876, wakati wazazi wake wakiwa na shamba la kondoo huko. Yeye hakuwa mkulima. Alilelewa na kusomeshwa Ulaya, akaingia bahari angali kijana. Lakini safari yake inaeleza vizuri kuliko nyingine yoyote ni nani aliyezibeba silaha za vita hivi.

Mwezi Juni 1915 alitoka Uingereza na mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Kutoka pale hadi kituo cha reli ya Sankisia kulikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba, isiyo na barabara. Mashua ziliburutwa na matrekta ya mvuke, na pale matrekta yaliposhindwa, na maksai. Wakongo kwa mamia walifyeka njia, wakang'oa visiki, wakajenga madaraja ya magogo, moja baada ya jingine. Matrekta ya mvuke hayaendi bila maji, na zile zilikuwa nyakati za kiangazi. Wanawake wa vijijini ndio waliobeba maji vichwani, kwa vyungu, kutoka mtoni hadi kwenye mashine, ili mashua za vita zivuke mlima. Kisha zikashushwa mto Lualaba, zikapanda reli tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika Lukuga, karibu na Kalemie ya leo.

Vita vyenyewe majini vilikuwa vifupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliishambulia mashua ya Wajerumani Kingani na kuikamata kwa dakika chache tu. Waingereza wakaitengeneza, wakaipa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuigusa; Spicer-Simson alikataa kupambana nayo, na lawama ya jambo hilo ilimfuata. Hata hivyo alitunukiwa DSO kama Wienholt, na vitabu vimeandikwa juu yake. Wanawake wa vyungu vya maji hawakutunukiwa kitu.

Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zenye kutua majini zilianza kuirushia Kigoma mabomu. Majeshi yao yalikuwa yanateremka kutoka Rwanda na Burundi. Tarehe 26 Julai, Kapteni Gustav Zimmer wa Wajerumani alitoa amri Götzen izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Wale mafundi watatu walipaka injini mafuta mazito kwanza, ndipo wakaizamisha. Kazi yao ndiyo iliyowawezesha Waingereza kuiinua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Siku mbili baada ya kuzamishwa kwake, tarehe 28 Julai 1916, brigedi ya Wabelgiji chini ya Kanali Olsen iliingia Kigoma. Siku chache baadaye ikaingia Ujiji. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliitwaa Tabora.

Hebu tufikirie maana ya siku zile kwa mtu wa Ujiji. Familia nyingi za Ujiji zina asili ya Manyema, ng'ambo ya ziwa. Jeshi lililoingia mjini lilikuwa la Kongo, na askari wake walikuwa Wakongo. Jeshi lililokuwa linarudi nyuma kuelekea Tabora lilikuwa na askari kutoka Unyamwezi, Usukuma, Umanyema na kwingineko. Watu wa damu moja walikuwa pande mbili, na kila upande ulihitaji wapagazi. Mjerumani alipoondoka aliwachukua wanaume wabebe. Mbelgiji alipofika aliwachukua waliobaki. Wabelgiji peke yao walitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na Waingereza wakakaribia milioni moja.

Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, yaani kilo zipatazo 27, bila kuhesabu chakula na blanketi la mwenyewe. Watu waliozoea ndizi, muhogo au mtama walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hawakuwa na muda wala sufuria za kuupika ukaiva. Tumbo la kuhara damu likawaua wengi kuliko risasi. Nimonia ikaua watu wa joto waliopelekwa milimani bila nguo. Malaria ikawaua watu wa milimani waliopelekwa Rufiji. Takwimu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 95,000 kwa upande wao. Kwa upande wa Wajerumani hapakuwekwa hesabu ya kuaminika.

Na msiba haukuwa wa njiani peke yake. Mkulima wa Uha au wa bonde la Malagarasi aliyechukuliwa wakati wa kulima aliacha shamba bila jembe. Chakula kilichokuwa ghalani kilichukuliwa na jeshi lililopita, na mbegu pamoja nacho. Nyumbani walibaki wanawake, wazee na watoto. Mwishoni mwa 1918 ikaja homa ya mafua makali iliyozunguka dunia, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika.

Sasa tumrudie mfugaji wetu wa Queensland. Baada ya vita Wienholt aliandika kitabu juu ya uwindaji na vita vyake, kikatoka mwaka 1922. Alirudi bungeni. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 alikwenda huko, akasaidia kazi za Msalaba Mwekundu, akasema waziwazi kwamba Waethiopia wanadhulumiwa. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 62, aliingia tena Ethiopia kutoka Sudan kwa kazi ya siri ya kuwasaidia wapiganaji dhidi ya Waitalia. Msafara wake mdogo ulivamiwa mwezi Septemba, naye akauawa. Alikuwa mtu shujaa, na hatupunguzi lolote katika ushujaa wake.

Tazama tu jinsi alivyotunzwa. Ana makala katika kamusi ya wasifu ya Australia. Ameandikiwa kitabu kizima cha maisha yake. Mjukuu wa mkulima wa kawaida kabisa wa Queensland, ambaye babu yake alikuwa askari wa farasi asiye na cheo, anaweza kufungua kumbukumbu za taifa lake kwenye intaneti akaona tarehe aliyojiandikisha, urefu wake, rangi ya macho yake, na hospitali alikolazwa. Hayo hayakutokea kwa bahati. Mtu aliandika, mtu akahifadhi, serikali ikalipia.

Mjukuu wa mpagazi wa Ujiji hana pa kufungua. Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam tangu mwaka 1927 inamwonyesha askari na bunduki yake. Sanamu za Nairobi na Mombasa angalau zinamwonyesha na mpagazi, ila bila jina. Mtaa wa Kariakoo umebaki na jina la kikosi cha wapagazi, na wengi wanaonunua na kuuza pale hawalijui hilo. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuenziwa kwa majina, au hawakuenziwa kabisa, na kwamba wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi.

Radhi ni jambo jema, lakini haiandiki majina. London haijui kwamba mzee fulani wa Kasimbu au wa Kalinzi alichukuliwa mwaka 1916 na hakurudi. Sisi ndio tunaojua, au tuseme, wapo miongoni mwetu ambao bado wanajua. Wajukuu wa wapagazi wale sasa ni wazee wa miaka 70 na 80. Walisikia habari hizi kwa wazazi wao walioshuhudia. Kila msimu wa mvua unaopita tunawazika baadhi yao, na habari zinakwenda nao.

Kwa hiyo ombi la mazungumzo haya ni la kazi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesikia kwamba babu yake alibeba mzigo wa Mjerumani, wa Mbelgiji au wa Mwingereza, kaeni naye. Andikeni jina la babu, la baba yake, na la kijiji. Andikeni alichukuliwa na nani, alifika wapi, alibeba nini, na kama alirudi. Andikeni na majina ya wanawake waliopika, waliobeba maji, na waliolima peke yao. Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yanaeleza habari za wageni wawili waliokutana chini ya mwembe mwaka 1871. Ukuta mmoja wa jengo lile unatosha kuanza orodha ya wenyeji. Mwalimu wa historia wa Ujiji, wa Kasulu au wa Uvinza anaweza kuianza kazi hii wiki hii kwa daftari moja na kundi la wanafunzi. Na atakapopata majina kumi ya kwanza, ayapeleke maktaba ya shule, ofisi ya utamaduni ya wilaya, na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, nakala moja kila mahali.